Msimulizi na Pazia: Historia ya Filamu za Kupanda Milima na Matamasha Yake

Filamu ya kupanda milima ni aina ya sinema inayomwonyesha binadamu akikabiliana na mwamba, theluji na hewa haba ya vileleni, nayo inatofautiana na sinema za aina nyingine kwa jambo moja ambalo ni rahisi kulipuuza, yaani kwamba tangu asili yake haikuzoea kusimama peke yake mbele ya watazamaji. Kando ya pazia la picha alikuwapo mtu aliyerudi kutoka mlimani, akieleza kwa kinywa chake yale yasiyoonekana katika picha: makali ya baridi, uchovu, hofu ya usiku, na zaidi ya yote kile kilichotukia pale ambapo kamera haikufika. Matamasha ya filamu za milima yanayofanyika leo Trento nchini Italia, Banff nchini Kanada, Kendal nchini Uingereza na Kathmandu nchini Nepal, ambako watu hukusanyika kwa siku kadhaa kutazama filamu na kuwasikiliza wapandaji wenyewe, yameurithi mtindo huo wa kale. Kwa sababu hiyo historia yake haiwezi kuandikwa kwa kuorodhesha filamu na miaka yake tu, bali ni lazima iulize pia ni nani aliyepewa nafasi ya kusimama kando ya pazia, na ni nani aliyeubeba mzigo hadi juu kisha sauti yake isisikike.

Mtindo wenyewe ulitangulia uvumbuzi wa sinema kwa zaidi ya miaka 40. Mnamo Agosti 1851 Mwingereza Albert Smith, aliyesomea utabibu kisha akageukia uandishi na maonyesho ya jukwaani, alipanda Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote katika safu ya Alpi, msafara wake ukiwa na viongozi wa njia 16 kutoka mji wa Chamonix pamoja na wapagazi waliobeba, miongoni mwa mahitaji mengine, kuku 46 na chupa zaidi ya 90 za mvinyo. Machi 1852 alifungua katika jumba la Egyptian Hall, mtaa wa Piccadilly jijini London, onyesho ambamo alisimulia safari hiyo huku nyuma yake yakipita maturubai yaliyochorwa na msanii William Beverley. Maturubai hayo yalizungushwa ili mandhari isogee mbele ya macho ya watu, na sehemu ya kupanda mlima wenyewe ilisogezwa kwa wima, hata aliyeketi kitini akajiona kana kwamba anapanda pamoja na msimulizi. Jukwaa lilipambwa kwa mfano wa nyumba ya mbao ya Uswisi, na mbwa wakubwa wa St Bernard, wanaosifika kwa kuwatafuta wasafiri waliofunikwa na theluji, waliletwa ukumbini. Onyesho lilidumu kwa takriban miaka 6 na kurudiwa kama mara 2,000, likachangia sana kuifanya milima iwe mazungumzo ya familia za mijini ambazo hazikuwahi kuikaribia. Chama cha kwanza cha wapandaji duniani, Alpine Club, kiliundwa London mwishoni mwa 1857, Smith akiwa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo. Viongozi wa Chamonix ndio waliomsaidia kufika kileleni alipokuwa amelemewa na usingizi na uchovu, lakini kwa miaka yote 6 kinywa kilichosikika Piccadilly kilikuwa kimoja.

Upigaji picha ulipokomaa, nafasi ya turubai la kuchorwa ilichukuliwa na taa ya picha, yaani chombo chenye taa na lenzi kilichorusha juu ya kitambaa cheupe picha iliyokuwa kwenye kipande cha kioo, na mhadhara wa mpandaji pamoja na taa hiyo ukawa ada ya vyama vya wanajiografia barani Ulaya. Fundi aliyewazidi wote katika enzi hiyo alikuwa Vittorio Sella wa Biella, Italia, ambaye alibeba vioo vizito vya picha hadi Kaukazi, Himalaya na Rwenzori. Safari ya Rwenzori, iliyoongozwa mwaka 1906 na Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, inawahusu moja kwa moja wasomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa tarehe 18 Juni mwaka huo ndipo kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109 katika mpaka wa sasa wa Uganda na Kongo, kilipofikiwa na msafara huo. Januari 1907 Duke alihutubia Royal Geographical Society jijini London, na picha za Sella zikawa ndizo zilizoifunulia Ulaya barafu iliyolala karibu na mstari wa ikweta. Bakonzo, ambao ndio wenyeji wa mitelemko ile na ambao walipenya na mizigo katika matope ya bonde la Mobuku hadi kambi ya Bujongolo, hawakuwa na mhadhara wao. Miaka 3 baadaye, katika safari ya Duke huyohuyo kwenye mlima wa K2 mwaka 1909, Sella alichukua pia kamera ya sinema, ingawa wakati huo Mwingereza Frank Ormiston-Smith alikuwa amekwisha kupiga filamu ya watu wakipanda Mont Blanc mapema kama 1902.

Hata hivyo, mtu aliyeiunganisha kamera ya sinema na jukwaa la mhadhara kwa namna iliyoacha alama ya kudumu ni Kapteni John Noel, askari wa Kiingereza aliyezaliwa 1890. Mwaka 1913, akiwa amejigeuza sura ili asitambuliwe, aliingia Tibet kwa siri na kufika umbali wa takriban kilomita 64 kutoka Everest kabla ya kurudishwa na askari wa Tibet. Machi 1919 aliisimulia safari hiyo mbele ya Royal Geographical Society, na mjadala uliofuata hotuba yake ulisaidia kuufufua mpango wa Waingereza wa kuupanda mlima huo mrefu kuliko yote duniani. Yafaa kulisisitiza jambo hili, kwamba katika historia ya Everest hotuba ilitangulia kamba na shoka la barafu, na kwamba mlima ulianza kupandwa ukumbini kabla haujapandwa kwa miguu.

Noel alikwenda na msafara wa 1922 akiwa mpiga filamu, akisafisha mikanda yake ndani ya hema chini ya mto wa barafu wa Rongbuk, yaani barafu nene itelemkayo polepole bondeni kama mto, na kuikausha kwa joto la jiko lililochochewa na kinyesi cha yaki, ng'ombe wa manyoya wa Tibet. Msafara huo ulikoma tarehe 7 Juni 1922, poromoko la theluji lilipowaua wapagazi 7 chini ya bega la kaskazini la mlima. Katika msafara wa 1924 Noel alilipa paundi 8,000 ili awe na haki zote za filamu na picha, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na kwa malipo hayo msafara wenyewe ukapata sehemu kubwa ya gharama zake. Mkataba huo ni wa kuzingatiwa, maana tangu siku hiyo kupanda mlima mkubwa na kuuza picha za kupanda huko yakawa mambo mawili yaliyoshikana kama kidole na ukucha.

Akiwa na lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, Noel aliweka kamera yake mahali pa juu palipotazama kilele, akingoja kuwanasa George Mallory na Andrew Irvine wakielekea juu. Tarehe 8 Juni 1924 mawingu yalifunika sehemu ya juu ya mlima, na wawili hao hawakurudi. Kilichoingia katika kamera yake siku zilizofuata ni ishara iliyotolewa na wenzao kutoka kambi ya juu, mablanketi yaliyotandazwa juu ya theluji kwa umbo la msalaba, maana yake ikiwa kwamba matumaini yamekwisha. Filamu iliyogharamiwa ili ionyeshe ushindi ikabaki bila kileleta chake, na pengo hilo ndilo linaloipa The Epic of Everest nguvu ambayo haijafifia kwa miaka 100, kwa kuwa mtazamaji analazimika kuutazama mlima mweupe, mkubwa, usio na mtu, na kungoja pamoja na mpiga picha jambo ambalo halitatokea.

Filamu hiyo ilipofunguliwa katika ukumbi wa Scala jijini London mwezi Desemba 1924, ilitanguliwa na watawa 7 wa Kibuddha walioletwa kutoka Gyantse, Tibet, ambao walipiga ala zao na kucheza ngoma za ibada mbele ya watu walionunua tiketi. Serikali ya Tibet haikuwa imetoa ruhusa ya watawa hao kupelekwa ng'ambo kwa shughuli ya namna hiyo, nayo ilikasirika kuona dini ya watu wake imegeuzwa kuwa pambo la sinema. Pia ililalamikia sehemu ya filamu yenyewe iliyomwonyesha mtu akimtoa mtoto chawa na kuwatia mdomoni, ikiiona kuwa ni kuwadhalilisha Watibeti. Shauri hilo likawa mzozo wa kidiplomasia, na Waingereza hawakupata tena njia ya kuupanda Everest kupitia Tibet hadi 1933. Katika historia nzima inayosimuliwa hapa hakuna tukio linaloonyesha waziwazi zaidi kasoro ya jukwaa hili, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu wa milimani walisimama wenyewe kando ya pazia mbele ya hadhira ya Ulaya, lakini walisimamishwa pale ili watazamwe. Hakuna aliyewauliza mlima ule, ambao kwao ulikuwa Chomolungma na makao matakatifu, unaitwaje au una maana gani.

Wakati Noel akizunguka Amerika ya Kaskazini na mihadhara yake, Ujerumani ilikuwa imezaa tawi jingine la sinema ya milima. Arnold Fanck, mwanajiolojia aliyeanzisha kampuni ya filamu mjini Freiburg mwaka 1920, alitoa kamera nje ya studio na kuipeleka kwenye theluji ya kweli, akiwataka waigizaji wake wapande na kuteleza wenyewe kwa mbao za theluji, na wapiga picha wake, kama Sepp Allgeier na Hans Schneeberger, wafanye vivyo hivyo na mitambo mgongoni. Filamu zake, miongoni mwazo Der heilige Berg ya 1926 na Die weiße Hölle vom Piz Palü ya 1929 aliyoiongoza pamoja na G. W. Pabst, zilikuwa hadithi za kubuni, lakini mwanga wake, vumbi la theluji yake na hatari yake vilikuwa vya kweli, na kwa uzuri wa picha hazijapata mpinzani kirahisi. Kutoka kwake walitoka Luis Trenker na Leni Riefenstahl, na Riefenstahl aliiongoza Das blaue Licht mwaka 1932 kabla ya kuuweka ujuzi wake chini ya utawala wa Hitler. Mwandishi mwenzake katika filamu hiyo, Myahudi wa Hungaria aliyeitwa Béla Balázs, alifutwa jina lake filamu ilipotolewa upya chini ya utawala huo. Mhakiki Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha 1947, alidai kwamba ibada ya kilele iliyomo katika filamu hizo ilikuwa dalili ya fikra zilizoupokea unazi. Dai hilo limepingwa na wengi kuwa ni la jumla mno, lakini kufutwa kwa jina la Balázs ni kitendo kisichohitaji nadharia yoyote ili kieleweke.

Baada ya vita vya pili vya dunia vilele vya zaidi ya mita 8,000 vilianza kufikiwa, na mataifa mengi yaliyotuma misafara yalituma pia wapiga filamu. Marcel Ichac alipiga filamu ya Wafaransa kwenye Annapurna mwaka 1950, mlima wa kwanza wa kimo hicho kufikiwa kilele. Wanachama wa msafara walikuwa wamefungwa na ahadi ya kutochapisha chochote kwa miaka 5, isipokuwa kiongozi wao Maurice Herzog, na hivyo Ufaransa yote ikaisikia habari hiyo kwa sauti ya mtu mmoja. Filamu ya Everest ya 1953, The Conquest of Everest, ilipigwa na Tom Stobart katika sehemu za chini na George Lowe katika sehemu za juu, lakini hakuna kamera ya sinema iliyokuwa kileleni tarehe 29 Mei wakati Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika. Dunia iliona picha mnato ya Tenzing ameinua shoka lake la barafu, iliyopigwa na Hillary, kisha mihadhara ikaanza kuzunguka mabara, huku magazeti ya Nepal, India na Uingereza yakigombana kuhusu ni nani aliyetangulia kukanyaga. Tenzing, aliyezungumza lugha kadhaa lakini hakujua kusoma wala kuandika, ilimbidi angoje hadi kitabu chake cha 1955, kilichoandikwa kwa msaada wa mwandishi mwingine, ili aeleze mwenyewe kwamba Hillary alimtangulia hatua chache na kwamba walikuwa wamefungwa kwa kamba moja.

Katikati ya msisimko huo ndipo lilipozaliwa tamasha la kwanza. Mwaka 1952, miaka 100 kamili baada ya Albert Smith kufungua onyesho lake, manispaa ya Trento na Club Alpino Italiano, chama cha wapandaji wa Italia kilichoundwa 1863, walianzisha shindano la filamu za milima ambalo linaendelea hadi leo na linalohesabiwa kuwa kongwe kuliko yote ya aina yake duniani. Trento ni mji wa bonde la mto Adige, umezungukwa na milima iliyokuwa uwanja wa mapigano ya vita vya kwanza vya dunia, na watu wake hawakuhitaji kufundishwa maana ya theluji. Tuzo kuu ya tamasha huitwa Genziana d'oro, kwa jina la ua la buluu limealo katika malisho ya juu, nayo hutolewa na jopo la majaji. Lakini jambo lililoipa Trento uzito wake ni mkutano wa wapandaji uliofanyika sambamba na maonyesho, ambapo watu kutoka nchi zilizotenganishwa na siasa za vita baridi waliketi chumba kimoja na kujadiliana kuhusu kamba, njia, na mipaka ya haki katika kupanda. Filamu ilipokwisha taa ziliwashwa, na aliyeonekana katika filamu alisimama na kuulizwa maswali na watu waliojua kuuliza.

Kuulizwa huko kulikuwa na faida, ingawa hakukufika kila mahali. Mwaka 1954 msafara wa Club Alpino Italiano ulifika kilele cha K2, na filamu Italia K2 ya mwaka uliofuata, ambayo picha zake nyingi zilipigwa na Mario Fantin, ilipokewa kwa fahari ya kitaifa. Nyuma ya fahari hiyo kulikuwa na usiku wa tarehe 30 Julai, ambapo Walter Bonatti na mpagazi wa Hunza, Amir Mahdi, walipandisha mitungi ya oksijeni kwa ajili ya wenzao wawili wa kileleni, wasiione kambi mahali walipoitarajia, na wakalala juu ya barafu katika mita zipatazo 8,100 bila hema wala chakula. Mahdi alipoteza vidole vyake vya miguu. Bonatti alitumia maisha yake akiandika na kuzungumza ili maelezo rasmi yasahihishwe, na ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya chama hicho kukubali rasmi kwamba alisema kweli. Mahdi alirudi kijijini kwake, na alipofariki mwaka 1999 masahihisho hayo yalikuwa bado hayajatolewa. Mtu mwenye majukwaa alihitaji miaka 50 kupata haki yake. Basi na apimwe yule asiyekuwa nayo kabisa.

Kuvuka kwa mtindo wa Trento hadi Amerika ya Kaskazini kulifuata sababu za kawaida za maisha. Mji wa Banff, katika milima ya Rocky huko Alberta, hujaa wageni wakati wa kiangazi na tena theluji inapokuwa nene, lakini kati ya majira hayo mawili huwa kimya, na ilikuwa katika kipindi hicho cha ukimya, mwaka 1976, wapandaji wachache, wakiwamo John Amatt na Chic Scott, walipoandaa siku moja ya filamu katika kituo cha sanaa cha mji huo. Mwaka uliotangulia filamu ya Kikanada The Man Who Skied Down Everest ilikuwa imetolewa, ikimfuata Mjapani Yuichiro Miura aliyeteleza mwaka 1970 kutoka bega la kusini la Everest akiwa na parachuti mgongoni, na ikawa filamu ya michezo iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya hali halisi. Wakati wa msafara ule Washerpa 6, wenyeji wa milima ya Nepal, walikufa katika maporomoko ya barafu ya Khumbu, na filamu haikuwaficha. Hata hivyo jina lililobaki katika kumbukumbu za watu ni la mtelezaji. Siku moja ya Banff ilikua ikawa wiki nzima, mashindano ya vitabu vya milima yakaongezwa miaka ya 1990, na kuanzia 1986 filamu zilizoshinda zilianza kutembezwa nje ya mji, hadi ziara hiyo ikafikia nchi takriban 40. Wanaotembeza filamu hizo husimama wenyewe mbele ya watu wa kila mji, katika kumbi za shule na za makanisa, wakieleza kila filamu kabla taa hazijazimwa, kwa hiyo hata enzi ya intaneti haikumwondoa msimulizi. Telluride nchini Marekani ilifuata mwaka 1979 na Kendal mwaka 1980, na mwaka 2000 matamasha mengi ya aina hii yaliunda shirikisho lao mjini Torino.

Mabadiliko ya mitambo yalikuwa na historia yake, na mfano mmoja watosha. David Breashears alipokwenda Everest mwaka 1996 na kamera ya aina ya IMAX, inayotumia mkanda mpana wa milimita 65 kwa ajili ya mapazia makubwa mno, chombo hicho kilikuwa na uzito wa takriban kilo 19 hata baada ya kupunguzwa, na mkanda wenye uzito wa zaidi ya kilo 2 ulikwisha kwa sekunde 90 tu. Dhoruba ya tarehe 10 Mei ilipoua watu 8 mlimani, kikundi chake kiliacha kupiga filamu, kikatoa oksijeni yake na kusaidia kuwashusha walionusurika, kisha kikarudi na kukifikia kilele tarehe 23 Mei, kamera ikiwa imepandishwa na Washerpa. Mmoja wa wapandaji waliosimuliwa katika filamu hiyo alikuwa Jamling Tenzing Norgay, mwana wa Tenzing, aliyefuata nyayo za baba yake na kuueleza mlima kwa imani ya kwao. Mwaka 2002 Breashears alitoa Kilimanjaro: To the Roof of Africa, ambamo kiongozi wa Kitanzania Jacob Kyungai anawapandisha wageni kutoka msitu wa mvua hadi barafu ya kileleni. Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wenyewe hujiita wagumu, walibeba mitambo hiyo pia, kama wanavyobeba hadi leo mizigo ya karibu kila filamu inayopigwa katika mlima huo. Nao ni watu wenye masimulizi ya miaka mingi kuhusu barafu inayopungua, ambayo yangestahili pazia la peke yake.

Kamera ndogo na nyepesi zilipoenea, swali la Noel lilirudi kwa sura mpya, yaani mpiga picha afanye nini ikiwa anayempiga picha yuko ukingoni mwa kifo. Tarehe 3 Juni 2017 Alex Honnold alipanda jabali la El Capitan huko Yosemite, lenye kimo cha takriban mita 900, bila kamba yoyote, kwa muda wa saa 3 na dakika 56. Wapiga picha wake, wakiongozwa na Jimmy Chin, walikuwa wote ni wapandaji na marafiki zake, na katika sehemu ngumu kuliko zote waliweka kamera zinazojiendesha ili asiwe na mtu karibu wa kumchanganya. Filamu Free Solo, iliyoongozwa na Chin na Elizabeth Chai Vasarhelyi, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2019, na sehemu zake zenye uzito zaidi ni zile zinazomwonyesha mpiga picha akigeuza uso wake kwa kushindwa kutazama. Chin huyohuyo, mwaka 2024, aliongoza kikundi kilichokuta kwenye mto wa barafu wa Rongbuk buti lenye soksi iliyoshonwa jina la Irvine, na sehemu ya mguu wake ndani, miaka 100 baada ya lenzi ya Noel kungoja bure.

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka Himalaya kwenyewe. Mwaka 2000 Kathmandu ilipata tamasha lake la kimataifa la filamu za milima, lililoandaliwa na Wanepali, ambalo tangu mwanzo lilikataa kuichukulia milima kuwa uwanja wa michezo wa wageni tu. Mapazia yake yalitoa nafasi kwa filamu za uchungaji, uhamaji, maji, ibada na vita, pamoja na zile za kamba na vilele, na watazamaji wake wengi walikuwa watoto wa mabonde yaleyale. Tarehe 18 Aprili 2014 kipande kikubwa cha barafu kiliporomoka Khumbu, chini ya Everest, na kuua wafanyakazi 16 wa Nepal waliokuwa wakipandisha mizigo ya misafara. Jennifer Peedom, mwongozaji wa Australia, alikuwa mlimani na kikundi chake akitengeneza filamu kuhusu maisha ya Washerpa, hivyo filamu yake Sherpa ya 2015 ilinasa kile ambacho kamera za miaka 90 iliyotangulia hazikuwahi kukinasa: wabebaji wakiwa wamekusanyika kambini, wakibishana, wakiikataa fidia ya awali ya serikali ya rupia 40,000 kwa kila familia, na hatimaye wakikataa kupanda, hata msimu mzima wa upande wa Nepal ukafungwa. Phurba Tashi, aliyekuwa amefika kilele cha Everest mara 21, anaonekana nyumbani kwake akiwa na familia inayomsihi asirudi tena, naye anaacha.

Tarehe 16 Januari 2021 wapandaji 10 wa Nepal, Washerpa 9 na mtu mmoja wa kabila la Magar, Nirmal Purja, walikaribia kilele cha K2 chenye mita 8,611, ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa na mtu yeyote wakati wa baridi. Waliotangulia walisimama chini kidogo ya kilele, katika upepo na baridi kali, wakiwangoja waliokuwa nyuma hadi wote 10 wakawa pamoja, kisha wakapiga hatua za mwisho bega kwa bega huku wakiimba wimbo wa taifa lao, na kamera iliyokuwa ikinasa picha na sauti zao ilikuwa mikononi mwao wenyewe.